NSSF Kenya: Jinsi ya kubadilisha makato kila Februari bila kukosea

Asilimia ya mchango wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nchini Kenya haijabadilika tangu sheria mpya ianze kutekelezwa Februari 2023. Mfanyakazi anakatwa asilimia 6, mwajiri anaongeza asilimia 6. Kinachosogea kila mwaka ni vikomo viwili vya mshahara: cha chini na cha juu. Anayeingia kwenye hesabu za Februari akiwa na hilo kichwani huwa amemaliza nusu ya kazi. Anayeamini kwamba "NSSF imepanda kwa kila mtu" huishia kumkata zaidi mtu ambaye mchango wake haukupaswa kuguswa hata shilingi moja.

Mwongozo huu ni wa mhasibu, wa afisa anayetayarisha mishahara, na wa mwenye biashara ndogo anayefanya hesabu zake mwenyewe. Mfanyakazi anayetaka kukagua hati yake ya mshahara ataikuta sehemu yake karibu na mwisho.

Mishahara inayohusika

Sheria ya NSSF ya 2013 ilikaa mahakamani kwa miaka mingi. Kabla yake mchango ulikuwa shilingi 200 kwa mfanyakazi na 200 kwa mwajiri, uwe unalipwa elfu kumi au laki tatu. Mahakama ya Rufaa ilifungua njia tarehe 3 Februari 2023, na ndiyo sababu mwaka wa michango unaanza Februari badala ya Januari au Julai. Mahakama ya Juu iliirudisha kesi kwenye Mahakama ya Rufaa mnamo Februari 2024, lakini makato yakaendelea na ratiba ikaendelea:

Februari 2023: kikomo cha chini 6,000, cha juu 18,000. Mchango wa juu kabisa 1,080 kila upande.
Februari 2024: 7,000 na 36,000. Mchango wa juu 2,160.
Februari 2025: 8,000 na 72,000. Mchango wa juu 4,320.
Februari 2026: 9,000 na 108,000. Mchango wa juu 6,480.

Kwenye hati za mshahara utaona Tier I na Tier II. Hapa tutaziita Daraja la I na Daraja la II. Daraja la I ni asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo cha chini. Daraja la II ni asilimia 6 ya kile kilichozidi kikomo cha chini, hadi kikomo cha juu. Mshahara uliopita kikomo cha juu hauguswi.

Sasa chukua mfanyakazi wa shilingi 50,000. Januari 2026 alikatwa 480 za Daraja la I na 2,520 za Daraja la II, jumla 3,000. Februari 2026 anakatwa 540 na 2,460, jumla 3,000. Mfukoni hakuna kilichobadilika. Kilichohama ni shilingi 60 tu, kutoka daraja moja kwenda lingine.

Kwa hiyo, Februari 2026 ilimgusa mfukoni anayelipwa zaidi ya 72,000 peke yake. Wa 90,000 alitoka 4,320 akafika 5,400. Wa 108,000 kwenda juu alitoka 4,320 akafika 6,480. Kabla hujaandika tangazo la kuwatisha wafanyakazi wote, panga orodha ya mishahara kuanzia mkubwa kwenda mdogo, piga mstari kwenye kikomo cha juu cha mwaka uliopita, na uzungumze na walio juu ya mstari. Katika biashara nyingi ndogo watakuwa wachache.

Hatua ya 1: Jua ni mshahara wa mwezi gani

Hapa ndipo makosa mengi zaidi hutokea. Mchango hulipwa ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, siku ileile ya PAYE, kodi ya mapato ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara. Maana yake, pesa unazotuma tarehe 9 Februari ni za mshahara wa Januari, na mshahara wa Januari unatumia vikomo vya zamani. Vikomo vipya vinaanza na mshahara wa Februari, unaolipiwa ifikapo tarehe 9 Machi.

Ukibadilisha mapema mwezi mmoja, umewakata watu kupita kiasi na itabidi uwarudishie kwenye mshahara unaofuata, huku ukieleza kwa nini uliwapunguzia hela mwezi wa Njaanuari, mwezi mbaya kuliko yote wa kufanya hivyo. Ukichelewa mwezi mmoja, una upungufu unaovuta faini.

Kama mnalipa kwa wiki au kwa siku, jumlisha malipo yote ya mwezi kwanza, ndipo upige hesabu. Vikomo ni vya mwezi. Ukivitumia kwenye malipo ya kila wiki, utakuta mtu amekatwa Daraja la I mara nne, na nyote wawili hamtajua imetoka wapi.

Hatua ya 2: Badilisha namba mahali pamoja

Kama mnatumia programu ya mishahara, tafuta sehemu ya mipangilio ya makato ya kisheria, weka vikomo vipya na tarehe ya kuanza 1 Februari. Usifute vya zamani. Programu nzuri huhifadhi vikomo pamoja na tarehe zake, ili ukilazimika kurudia hesabu ya Novemba ipige kwa vikomo vya Novemba. Kama yenu haina uwezo huo, chapisha au hifadhi orodha kamili ya Januari kabla ya kugusa chochote.

Kama mnatumia Excel, acha kabisa tabia ya kuandika 9000 na 108000 ndani ya fomula. Weka vikomo kwenye seli zake juu ya karatasi: B1 iwe kikomo cha chini, B2 kikomo cha juu, B3 asilimia 6. Ikiwa mshahara uko seli D6, basi:

Daraja la I: =MIN(D6,$B$1)*$B$3
Daraja la II: =(MIN(D6,$B$2)-MIN(D6,$B$1))*$B$3

Angalia fomula ya pili vizuri. Watu wengi huandika (MIN(D6,108000)-9000)*6%, na inaonekana kufanya kazi mpaka afike kibarua wa nusu mwezi aliyelipwa 7,000. Hapo Daraja la II linatoka hasi 120, jumla ya safu inapungua kimyakimya, na jumla yenu haifanani na ankara ya NSSF. Kuweka MIN mara mbili kunazuia hilo: mshahara ukiwa chini ya kikomo cha chini, jibu ni sifuri.

Na alama za dola msizisahau. Bila hizo, ukiburuta fomula kushuka chini, B1 inageuka B2, B2 inageuka B3, na kuanzia mtu wa pili kila kitu ni uongo.

Hatua ya 3: Jaribu kwa mishahara sita

Kabla ya kupitisha mishahara halisi, weka mishahara hii kwenye karatasi au programu na ulinganishe. Ni dakika tano, na inakamata karibu kila kosa la hesabu. Kwa vikomo vya Februari 2026:

8,500: Daraja la I 510, Daraja la II 0.
9,000: 540 na 0.
50,000: 540 na 2,460.
90,000: 540 na 4,860.
108,000: 540 na 5,940.
150,000: 540 na 5,940.

Wa mwisho ndiye kipimo cha kikomo cha juu. Akitoka na zaidi ya jumla ya 6,480, kikomo hakisomwi. Wa 8,500 ana jambo lake: mwaka uliopita alikuwa na shilingi 30 za Daraja la II, mwaka huu mchango wake wote umeingia Daraja la I. Jumla yake haikubadilika.

Kuhusu kinachoingia kwenye "mshahara": piga hesabu kwa mshahara wa jumla kabla ya makato. Mwajiri anayetumia mshahara wa msingi peke yake na kuacha marupurupu ya kudumu kama ya nyumba anajiwekea deni. Mtu wa msingi 65,000 na nyumba 20,000 ana 85,000. Chini ya vikomo vya 2026 mchango wake ni 5,100, wala si 3,900. Tofauti ya 1,200 kila upande, mwezi baada ya mwezi, ndiyo wakaguzi huja kuidai pamoja na faini yake.

Hatua ya 4: Fuata mnyororo wa makato mengine

Mchango wa NSSF hutolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa kodi. Ukipanda, PAYE inashuka. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, na ada ya nyumba, asilimia 1.5, hupigwa kwenye mshahara wa jumla, kwa hiyo hizo hazitikisiki.

Kwa wa 150,000, aliye kwenye bendi ya kodi ya asilimia 30, NSSF ilipanda kwa 2,160. Kodi ikapungua kwa asilimia 30 ya hiyo, yaani 648. Mshahara wa mkononi ukashuka kwa 1,512. Kwa wa 90,000, NSSF juu 1,080, kodi chini 324, mkononi pungufu 756. Kama hati ya Februari inaonyesha mkononi umeshuka kwa 2,160 kamili, programu inakata NSSF lakini haiitoi kabla ya kodi. Simamisha kila kitu urekebishe.

Kuna dari ya msamaha huo wa kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024, michango ya kustaafu inayotolewa kabla ya kodi haizidi 30,000 kwa mwezi. Awali ilikuwa 20,000. NSSF inahesabiwa ndani ya hiyo 30,000 pamoja na mpango wa kustaafu wa kampuni. Mkurugenzi anayechangia 25,000 kwenye mpango wa kampuni na 6,480 kwenye NSSF ana 31,480, kwa hiyo 1,480 zinatozwa kodi kama mshahara wa kawaida. Kabla ya Februari 2026 alikuwa na 29,320, akawa salama. Watu kama huyu hawakumbukwi kwa sababu mwaka jana hawakuwa na tatizo. Watafute kwa majina.

Halafu kuna theluthi moja. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mfanyakazi wa 90,000 lazima abaki na 30,000. Sasa fikiria aliyekopa Sacco, benki na chama mpaka akabaki na 30,500. Februari ikifika anapungukiwa na 756, anabaki na 29,744. Hakukopa kipya, kikomo ndicho kilichosogea. NSSF ni ya kisheria, haiwezi kupunguzwa, kwa hiyo kinachosogezwa ni marejesho ya mkopo. Itoe orodha ya watu wa namna hii katikati ya Januari, mzungumze na Sacco mapema ili muda wa mkopo urefushwe. Ukingoja siku ya kulipa, utajikuta unachagua kati ya kuvunja sheria na kumfanya mtu aonekane hakulipa mkopo.

Na wale wa mikataba ya mshahara wa mkononi, walioahidiwa "laki moja safi"? Kwao mwajiri anabeba pande zote mbili. Hesabu ya kurudi nyuma kutoka mkononi kwenda mshahara wa jumla inabidi ipigwe upya kila Februari, la sivyo mfanyakazi atapokea pungufu ya alichosainiwa.

Hatua ya 5: Bajeti ya mwajiri

Kwa kila mfanyakazi wa 108,000 kwenda juu, upande wa mwajiri uliongezeka kwa 2,160 kwa mwezi, sawa na 25,920 kwa mwaka. Wa chini ya 72,000 hakuongeza chochote. Kwa hiyo usipandishe bajeti nzima ya NSSF kwa asilimia 50 kwa sababu mchango wa juu umetoka 4,320 ukafika 6,480. Pitia mtu mmoja mmoja. Kampuni ambayo mwaka wake wa fedha ni Julai hadi Juni itakuwa na miezi saba ya vikomo vya zamani na mitano ya vipya ndani ya bajeti moja. Mashirika yanayoendeshwa kwa fedha za wafadhili huumia hapa, maana bajeti ya mradi ikishapitishwa ni vigumu kuifungua.

Hatua ya 6: Kwa walio na mpango wa kampuni

Daraja la I lazima liende NSSF. Daraja la II mwajiri anaweza kulipeleka kwenye mpango wa kibinafsi wa kustaafu, akiwa ameomba na kupata idhini ya Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA. Maombi yanatakiwa yawasilishwe angalau siku 60 kabla. Anayetaka kuanza na mshahara wa Februari akaanza kushughulika Januari katikati ameshachelewa. Mwezi huo Daraja la II litaenda NSSF.

Walio na idhini tayari wana kazi ndogo lakini inayosahaulika. Kikomo cha chini kikipanda kwa 1,000, shilingi 60 za mfanyakazi na 60 za mwajiri zinahama kutoka mpango wa kampuni kwenda NSSF, kwa kila mtu anayezidi kikomo. Hii inawagusa hata wale wa 50,000 ambao jumla yao haikubadilika. Mwambieni msimamizi wa mpango kwa maandishi, na orodha mnayomtumia iwe na kiasi kipya. Mkiendelea kumtumia cha zamani, mtakuwa mmelipa 120 zaidi kila mwezi kwa kila mtu wa kati ya 9,000 na 72,000, na kuzirudisha kutoka kwenye mpango ni kazi ya barua nyingi.

Soma pia kanuni za mpango wenu zinasema nini. Kampuni nyingine Daraja la II liko ndani ya mchango uliokuwepo. Nyingine limeongezwa juu yake. Kikomo cha juu kikipanda, swali la kwanza ni kama mchango wa mpango bado unafunika Daraja la II la mtu wa mshahara mkubwa. Wa 108,000 anayechangia asilimia 5 hutoa 5,400, na Daraja lake la II ni 5,940. Mwaka uliopita, likiwa 3,840, alitosha. Sasa amepungukiwa na 540, na mwajiri vilevile kama naye hutoa asilimia 5.

Hatua ya 7: Pakia, linganisha, lipa

Andaa faili la tovuti ya NSSF: namba ya mfanyakazi, majina, kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), namba ya NSSF, mshahara. Majina yafuate kitambulisho. Tarakimu moja ikikosewa kwenye kitambulisho, pesa zinatoka kwenu lakini haziingii kwenye akaunti ya mwenyewe.

Faili likipokelewa, linganisha jumla ya ankara na jumla ya orodha yenu kabla ya kulipa. Zikitofautiana, gawanya tofauti kwa 120. Ukipata namba kamili inayokaribia idadi ya wafanyakazi wenu, upande mmoja bado unatumia kikomo cha chini cha mwaka jana kugawa madaraja, jambo linaloonekana kwenye jumla kwa waliotoa Daraja la II nje tu. Ukipata tofauti inayogawanyika kwa 4,320, hesabu walio juu ya 108,000: kikomo cha juu ndicho hakikubadilishwa.

Lipa siku mbili tatu kabla ya tarehe 9, maana tovuti huwa nzito siku ya mwisho na kila mwajiri yuko humo. Faini ya kuchelewa ni asilimia 5 kwa mwezi. Kampuni ya watu 20 wote wakiwa kwenye mchango wa juu inadaiwa 259,200 kwa mwezi. Kuchelewa mara moja ni 12,960, sawa na mchango wote wa mtu mmoja kwa pande zote mbili. Faini hiyo ni ya mwajiri. Hairuhusiwi kumkata mfanyakazi.

Kwa mfanyakazi: dakika kumi za kukagua

Weka hati ya Januari na ya Februari pamoja. Kama mshahara wako wa jumla ni 72,000 au chini, jumla ya NSSF lazima iwe ileile, asilimia 6 ya mshahara. Ukiwa kati ya 72,000 na 108,000, toa 72,000 kwenye mshahara, zidisha asilimia 6. Hiyo ndiyo nyongeza halali. Ukizidi 108,000, nyongeza ni 2,160, na haizidi hapo hata ukilipwa milioni. Kisha angalia PAYE: kama NSSF imepanda na PAYE imebaki vilevile, uliza.

Baada ya tarehe 9 Machi kupita, ipe wiki kadhaa, ingia kwenye akaunti yako ya NSSF utazame taarifa ya michango. Mwezi wa Februari uonekane, na kiasi kiwe mara mbili ya ulichokatwa, kwa sababu cha mwajiri kipo humo. Kama mwajiri wenu alitoa Daraja la II nje, NSSF utaona 1,080 tu, na zilizobaki ziko kwenye taarifa ya mpango wa kampuni. Idai hiyo pia. Hati ya mshahara inaonyesha ulichokatwa, haionyeshi kilichofika.

Kwa wenye wafanyakazi nje ya Kenya

Usibebe mantiki hii kuvuka mpaka. Uganda ni asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri. Tanzania, kwa sekta binafsi, NSSF ya huko ni asilimia 20 kwa jumla, bila ngazi za vikomo kama hizi. Rwanda ndiyo yenye ratiba inayofanana, ila huko inayosogea ni asilimia yenyewe: Januari 2025 mchango wa pensheni ulitoka asilimia 6 ukawa 12, nusu kwa nusu, na kuanzia 2027 utaongezeka kwa pointi mbili kila mwaka mpaka 20 mwaka 2030. Kwa karatasi ya Rwanda, seli ya asilimia ndiyo ya kubadilisha, na mwezi ni Januari.

Februari 2027

Ngazi nne za mwanzo ziliandikwa kwa namba na vizidisho vilivyojulikana. Ile 108,000 ni mara tatu ya wastani wa mapato ya kitaifa wa 36,000. Ngazi inayofuata kikomo cha juu kinakuwa mara nne ya wastani huo, na cha chini hakiongezwi tena elfu moja moja. Kwa wastani uleule wa 36,000, mara nne ni 144,000 na mchango wa juu 8,640. Iweke namba hiyo kwenye bajeti kama makadirio, lakini kwenye seli za B1 na B2 usiandike kitu mpaka notisi ya NSSF itoke.